Majimoto na Vidaka vya Mnazi

Mnazi hauna haraka. Karara hupasuka, upunga hujitokeza, maua ya kike yaliyoshika huwa vidaka, vidaka hukua vikawa vitale, vitale vikawa madafu, madafu yakawa koroma, na yapata mwaka mmoja baada ya upunga kuonekana ndipo mkwezi anapopanda kuangua nazi kavu. Katika mwaka huo hasara kubwa hutokea mapema, wakati wa vidaka. Baadhi hupukutika kwa maumbile tu, kwa kuwa mnazi hutoa maua mengi kuliko uwezo wake wa kuyalea. Lakini yako mashamba ambayo karibu kila kidaka huanguka, ilhali shamba la jirani, lenye udongo uleule na lililonyeshewa mvua ileile, huendelea kuzaa. Wakulima wa bara ya Mombasa, kuanzia Likoni na Mtongwe hadi Kisauni, Mwakirunge na Changamwe, wameishi na tofauti hiyo vizazi kwa vizazi, sawa na wenzao wa Kwale, Kilifi, Unguja na Pemba.

Maelezo ya kitaalamu yalipopatikana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hayakutokana na udongo wala mvua. Yalitokana na chungu. Ili tuyaelewe vizuri, na tuone kwa nini yanamhusu hata mtu mwenye mwembe mmoja na minazi miwili nyuma ya nyumba, inatupasa tuanze mbali, kabla ya mnazi kufika Afrika Mashariki na kabla ya mtu yeyote kulima.

Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, watafiti wa familia ya Leakey walikusanya visukuku vingi vya viumbe walioishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Miongoni mwake yalikuwamo mabaki ya chungu, na mwaka 1964 wataalamu E. O. Wilson na R. W. Taylor walitangaza kwamba chungu hao walikuwa sehemu ya koloni moja. Wafanyakazi wakubwa na wadogo walikutwa pamoja na watoto wao, na uwiano wa maumbo yao ulifanana na ule wa jamaa zao wanaoishi leo. Kisukuku cha chungu mmoja hutuambia tu kwamba chungu alikuwako. Kisukuku cha koloni hutuambia jinsi walivyogawana kazi. Kwa hiyo tunajua kwamba mpangilio wa maisha tunaouona juu ya miembe ya Likoni ulikuwa umekwisha kukamilika mamilioni ya miaka kabla ya binadamu.

Jamaa wa leo wa chungu hao ni majimoto, chungu wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ambao yeyote aliyekwea mwembe pwani anawafahamu kwa uchungu. Mfaransa Latreille aliwaandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1802, na jina lao la kitaalamu sasa ni Oecophylla longinoda. Hawachimbi ardhi. Hujenga viota juu ya mti kwa majani mabichi: wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani na kulivuta hadi likutane na jingine, kisha wenzao huja wamebeba watoto wachanga mdomoni na kuwapitisha huku na huku, na watoto hao hutoa nyuzi za hariri zinazoshona majani pamoja. Chungu mzima hana hariri. Mtoto ndiye mwenye hariri, lakini hana miguu ya kwenda kazini. Koloni moja huwa na viota vingi vilivyotawanyika katika miti kadhaa, malkia akiwa katika kimoja tu, na idadi ya wafanyakazi huweza kukaribia nusu milioni.

Jeshi kubwa kiasi hicho lina mahitaji mawili ya chakula. Linahitaji nyama, ambayo watoto hukulia, na hilo hulifanya liwinde mchana na usiku kila mdudu anayetua katika eneo lake. Linahitaji pia sukari, kwa sababu wafanyakazi hutembea na kupigana kutwa. Sukari hiyo, kwa sehemu kubwa, haitoki moja kwa moja kwenye mti. Hutoka kwa wadudu gamba na wadudu wengine wadogo wafyonzao utomvu, ambao hufyonza kuliko wanavyohitaji na kutoa ziada kama matone matamu. Majimoto huyanywa matone hayo na, kwa malipo, huwafukuza maadui wa wadudu hao na kuwaweka safi. Pengine hata huwajengea kibanda cha majani na hariri. Tukitazama kwa makini tutaona pande tatu: mti hutoa utomvu, mfyonzaji huugeuza kuwa kinywaji, na chungu hulipa kwa ulinzi ambao faida yake humrudia mti.

Kutegemeana kwa namna hii si kugeni kwa watu wa Kisauni. Tangu mwaka 1971, Rene Haller alipoanza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mivinje imestawi juu ya mawe matupu kwa sababu bakteria wanaoishi katika mizizi yake huipatia naitrojeni ambayo ardhi ile haikuwa nayo. Tofauti ni kwamba bakteria wa mvinje hufanya kazi chini, bila ya kuonekana na bila ya kumuudhi mtu. Majimoto wako machoni petu na huuma. Nadhani hiyo ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya wema wao uchelewe kutambuliwa.

Haukuchelewa kila mahali. Kitabu cha Kichina kinachohusishwa na Ji Han, cha mwaka 304, kinaeleza jinsi viota vya chungu wa jamii hiyohiyo, wa upande wa Asia, vilivyouzwa sokoni katika nchi za kusini ili vitundikwe kwenye michungwa, kwani michungwa isiyo na chungu iliharibiwa matunda na wadudu. Baadhi ya wanazuoni wanashuku tarehe hiyo, wakiona kwamba maandishi tuliyonayo yalikusanywa karne kadhaa baadaye. Hata tukiwakubalia, huo unabaki kuwa ushahidi wa kale sana wa mkulima kumtumia mdudu dhidi ya mdudu, na haikuwa bahati kwamba mdudu aliyechaguliwa ndiye huyu.

Mnazi wenyewe ni mgeni wa pwani yetu, ingawa ni mgeni wa siku nyingi. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 kuhusu safari za Bahari ya Hindi yanataja bidhaa fulani iliyotoka Rhapta, bandari ya Uzania, ambayo wasomi wengine wameisoma kuwa ni zao la nazi na wengine kuwa ni kombe la baharini. Neno lenyewe limeharibika katika nakala, kwa hiyo si busara kulijengea hoja nzito. Lililo wazi ni kwamba asili ya mnazi iko mashariki, katika Asia ya Kusini na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba mabaharia wa bahari hiyo ndio walioueneza. Majimoto, kwa upande wao, walikuwa wenyeji wa misitu ya Afrika. Mnazi ulipopandwa hapa ulimkuta mlinzi yuko tayari.

Tena ulimkuta katika mazingira yaliyomfaa. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona kisiwani miti ya ndizi, ndimu na machungwa, na akaandika kwamba nafaka iliagizwa kutoka bara. Kisiwa ni kidogo, na kwa karne nyingi watu wake walitegemea mashamba yaliyokuwa ng'ambo, upande wa Kisauni, Likoni na Changamwe, pamoja na majirani zao Wamijikenda. Baadaye Wareno walileta mkanju kutoka Brazil. Shamba la bara likawa mchanganyiko: minazi juu, miembe, michungwa na mikanju chini yake, mihogo na majani katikati. Mchanganyiko huo ulimfaa sana majimoto. Kuti la mnazi ni gumu na jembamba, halishoneki kwa urahisi. Jani la mwembe au la mchungwa ni pana na hukunjika vizuri. Miti hiyo pia ina wafyonzaji wengi wa kumpa sukari. Matawi yalipogusana, chungu aliweza kuvuka kutoka mti hadi mti bila ya kushuka chini, na umuhimu wa jambo hilo tutauona baada ya muda mfupi.

Karne ya 19 ilibadilisha ukubwa wa mashamba. Baada ya ukoo wa Mazrui, uliokuwa ukitawala Mombasa, kushindwa mwaka 1837 na mji kuwa chini ya Sultani Sayyid Said, kilimo cha minazi na nafaka kwa kazi ya watumwa kilipanuka pwani yote, na huko Unguja na Pemba mikarafuu ilipandwa kwa wingi. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi ya bara yalibaki mikononi mwa wenye hati huku walioyalima wakiwa wapangaji wa ardhi, na mara nyingi miti ilikuwa na mwenyewe na ardhi ilikuwa na mwenyewe mwingine. Minazi ikaendelea kupandwa mingi kwa pamoja, mstari kwa mstari, na shamba lililosifiwa likawa lile lililopaliliwa likabaki mchanga mweupe.

Hapo ndipo anapoingia mhusika wa tatu. Huyu ni chungu mdogo wa rangi ya kahawia, anayeishi ardhini, ambaye askari wake wana kichwa kikubwa kisicholingana na mwili. Fabricius alimwandika mwaka 1793 kutoka Mauritius, na jina lake ni Pheidole megacephala. Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake: wengine humtaja kuwa wa bara la Afrika, wengine wa Madagaska na visiwa vya jirani. Wote wanakubaliana kwamba amesambaa duniani kwa mizigo ya watu, ndani ya udongo, miche na mbao, na kwamba hustawi mahali palipovurugwa na binadamu. Koloni zake zina malkia wengi na hazipigani zenyewe kwa zenyewe, hivyo huungana zikafunika eneo kubwa. Majimoto anayeshuka chini ya mti wake hukutana na umati usiokwisha.

Sasa tuje Unguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Way, mtaalamu wa wadudu, alikuwa akichunguza chungu wa visiwa vile, na swali la vidaka vinavyopukutika lilikuwa mbele yake. Mtu akiulizwa sababu, tatu humjia mara moja. Ya kwanza ni ukame, na ina ukweli, kwani mnazi wenye kiu hupunguza mzigo wake. Lakini ukame hauwezi kuchagua shamba moja na kuliacha la pili. Ya pili ni udongo uliochoka, nayo pia ina ukweli, lakini tofauti ilionekana hata kati ya minazi iliyosimama katika ardhi moja. Ya tatu ni ugonjwa, kwa sababu vidaka vilivyoanguka vilikuwa na madoa meusi yaliyobonyea, na nazi zilizookoka zilikuwa na makovu yanayotoa gundi. Ugonjwa ulikuwa dhana yenye nguvu, kwani ulieleza dalili. Haukueleza kwa nini mnazi mmoja uugue na wa jirani usiugue.

Mwaka 1951, katika jarida la Nature, Way alitoa jibu lake. Madoa yale yalikuwa majeraha. Yalitokana na kunguni wa mnazi, mdudu mwembamba wa kahawia ambaye huchoma maua ya kike na vidaka kwa mdomo wake na kumimina mate yanayoua nyama ya tunda. Kidaka kilichochomwa kingali kidogo huanguka. Kikichomwa kikubwa kidogo hubaki, lakini hutoa nazi yenye makovu. Kunguni wachache tu katika kilele kimoja wanatosha kuuharibu mzao, na ndiyo maana watu hawakuwashuku: mharibifu ambaye huonekana mara chache hahesabiwi. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way.

Lakini sehemu ya jibu iliyokuwa na uzito zaidi ilihusu mahali kunguni walipokuwapo na mahali wasipokuwapo. Way alilinganisha minazi kwa kufuata chungu walioikalia. Ile iliyokaliwa na majimoto ilikuwa na kunguni wachache na nazi nyingi. Ile iliyokaliwa na chungu wa kichwa kikubwa ilikuwa na kunguni na vidaka vilivyotapakaa chini. Chungu wa kichwa kikubwa hawamleti kunguni na hawamfugi. Kosa lao ni kwamba humwondoa mlinzi kisha hawashiki zamu yake. Ukurasa wa sababu ukageuka. Vidaka vilianguka kwa sababu ya kunguni, kunguni alikuwapo kwa sababu majimoto hawakuwapo, na majimoto hawakuwapo kwa sababu walishindwa vita na chungu wa ardhini. Kilichofanyika mchangani ndicho kilichoamua kitakachozaliwa kileleni.

Miaka iliyofuata ilikamilisha picha. Mwaka 1954 Way alichapisha uchunguzi wake juu ya maisha ya majimoto na juu ya uhusiano wao na mdudu gamba wa mikarafuu, ambaye jina lake la kitaalamu linabeba jina la Zanzibar. Alionyesha kwamba mdudu gamba huyo anamhitaji chungu hasa: chungu akiondolewa, matone matamu humchafua mwenyewe na maadui humwingilia. Mwaka 1963 aliandika makala ndefu ya mapitio ya kisayansi iliyokusanya maarifa ya dunia nzima kuhusu chungu na wafyonzaji wa utomvu, nayo ilisomwa mbali sana na mashamba ya karafuu ilikochimbuka. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1960, F. L. Vanderplank alichapisha utafiti mwingine kuhusu majimoto na kunguni wa mnazi. Hoja ya msingi ilisimama.

Si kila kipengele kilichokubaliwa bila ya marekebisho. Kuna chungu wa tatu katika mashamba ya mchanga, Anoplolepis custodiens, mkali na mwepesi, ambaye pia huwafukuza majimoto. Kwa kanuni iliyotangulia angehesabiwa adui. Hata hivyo utafiti wa B. Löhr nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba chungu huyo naye huusaidia mzao wa nazi. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayamvunji Way. Yanamsahihisha msomaji aliyekwisha kugawanya chungu wote kuwa wema na waovu. Mnazi haujali ni nani anayemwinda kunguni, mradi awindwe.

Upande wa Kenya ulichangia kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1970 Mjerumani Bert Hölldobler alichunguza majimoto katika msitu wa Shimba Hills, safari fupi kutoka kivuko cha Likoni, ili ajue jinsi koloni inavyolinda mipaka yake. Koloni moja aliyoichora kwenye ramani ilimiliki miti 17. Yeye na Wilson walieleza pia kwamba majimoto hutia alama katika eneo lao kwa harufu inayotofautiana koloni hadi koloni, na chungu akijikuta katika harufu ya wageni hubadili mwenendo wake papo hapo. Kati ya koloni mbili hubaki ukanda usio wa mtu. Maarifa haya yalionekana ya kinadharia wakati ule, lakini yana matumizi ya moja kwa moja: mkulima anayetaka kuhamishia majimoto shambani mwake lazima achukue viota vya koloni moja, kwani akichanganya viota vya koloni mbili watauana.

Kutoka kujua sababu hadi kuirekebisha palikuwa na mwendo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, Tanzania Bara na Visiwani, programu ya kuendeleza minazi iliyosaidiwa na Ujerumani ilijaribu kumshinda chungu wa kichwa kikubwa kwa chambo chenye sumu ya polepole, ambacho chungu hukibeba mwenyewe hadi kiotini na kuwalisha wenziwe. Njia hiyo ilifanya kazi, na majimoto walirudi. Tatizo lilikuwa gharama, na pia kwamba chambo huondoa adui bila ya kubadilisha hali zilizompa ushindi.

Hali hizo zilielezwa vizuri zaidi mwaka 2011, katika utafiti wa Zuberi Seguni wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, akishirikiana na Paul Van Mele na Way mwenyewe, miaka 60 baada ya ripoti ile ya kwanza. Waliangalia palizi. Palipoachwa majani chini ya minazi, chungu wa kichwa kikubwa walibaki ardhini, na majimoto waliweza kuishi juu yao. Palipopaliliwa pakawa peupe, chungu wa kichwa kikubwa walipanda miti na kuwaondoa majimoto. Sababu inaeleweka: ardhi yenye majani ina chakula na kivuli, na mwenye chakula chini hana haja kubwa ya kupanda. Shamba lile safi lililosifiwa tangu zamani, kumbe, ndilo lililokuwa likimsukuma adui juu ya mnazi. Napenda kulisema hili kwa heshima, kwa sababu aliyepalilia alipalilia kwa jasho na kwa nia njema, na maafisa kilimo wengi walimsifu kwa hilo.

Katika miaka hiyohiyo ulinzi wa majimoto ulionekana hata nje ya mnazi. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, aliyekuwa hajawahi kuonekana Afrika, aligunduliwa nchini Kenya, na baada ya muda mfupi akaenea sehemu kubwa ya bara hili, akiharibu embe na kufunga masoko ya nje. Mwaka 2007 watafiti waliofanya kazi Benin, Van Mele akiwa mmoja wao, walichapisha ushahidi kwamba miembe yenye majimoto wengi hupata funza wachache zaidi. Majimoto hukamata baadhi ya nzi, lakini pia harufu wanayoiacha juu ya tunda humfanya nzi asite kutaga. Kuna upande wa pili: harufu hiyohiyo huweza kuwazuia nyigu wadogo wanaofugwa na kuachiliwa ili wawaangamize nzi. Mwenye shamba anayetegemea nyigu na majimoto kwa pamoja anapaswa kulijua hilo.

Kisha adui wa pwani alionekana mahali ambapo hakuna mnazi hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chungu wa kichwa kikubwa alianza kuenea katika nyanda za Laikipia. Kule kuna mgunga mfupi wenye miiba iliyovimba, na ndani ya vimbe hizo huishi chungu wa kienyeji ambao mti huwapa makao na utamu, nao huuma midomo ya kila anayekuja kuula, tembo akiwamo. Chungu wa kichwa kikubwa waliwaua walinzi hao na hawakushika zamu yao, kama ilivyokuwa Unguja. Migunga iliyoachwa bila ya ulinzi ilivunjwa na tembo mara tano hadi saba zaidi. Nyika ikafunguka. Mwaka 2024, katika jarida la Science, Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walieleza kilichofuata katika hifadhi ya Ol Pejeta, hukohuko Laikipia: simba, waliozoea kujificha nyuma ya migunga ili wamvizie punda milia, walikosa maficho. Punda milia waliokuwa asilimia 67 ya mawindo yao mwaka 2003 walikuwa asilimia 42 mwaka 2020, na nyati, ambao hawakuwamo kabisa katika hesabu ya mwanzo, walifika asilimia 42.

Tukirudi bara ya Mombasa, jambo lililobadilika zaidi katika miaka hii ni shamba lenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 katika Kisauni na 250,358 katika Likoni. Changamwe ilikwisha kuchukuliwa na reli, kiwanda cha kusafisha mafuta, uwanja wa ndege na maghala. Mashamba yamegawanywa viwanja vya futi 50 kwa 100, na mti uliobaki umebaki kwa sababu unatoa kivuli au kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kuukata. Mazingira haya yanampendelea chungu wa kichwa kikubwa: udongo umefukuliwa, kifusi kimemwagwa, na miti imesimama mbalimbali, hivyo majimoto anayetaka kwenda mti wa pili hana njia ila kushuka chini.

Njia za kumsaidia zinajulikana na si ghali. Kamba inayofungwa kutoka mwembe hadi mnazi humpa daraja. Majani yanayofyekwa badala ya kung'olewa humweka adui chini. Mchungwa au mpera unaopandwa kati ya minazi humpa jani la kushona. Mkwezi hujipaka majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda, na majimoto hupungua kumuuma. Ugumu uko kwingine. Koloni ile ya Shimba Hills ilimiliki miti 17, na katika mtaa wa Mtongwe au Mjambere miti 17 ni mali ya nyumba nane au tisa. Malkia ni mmoja, na kiota chake kinaweza kuwa katika mwembe wa mtu yeyote kati yao. Mmoja akiita mpuliziaji dawa kwa sababu watoto wake wameumwa, na mti aliopuliza ukawa ndio wenye malkia, minazi ya wengine wote itabaki na wafanyakazi wasioongezeka kwa miezi michache, kisha kunguni ataanza kuonekana kwenye upunga wa nyumba ambazo hazikupuliza chochote.